Mwulize Kwanza Anataka Nini

Maneno yaliyosemwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika wiki ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, mbele ya wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii waliokuwa wakimaliza mafunzo

Wamama na wababa, wakubwa wetu wa zoni ya afya, wachungaji na mapadri, mashefu wa avenyu, yaani wakuu wetu wa mitaa, na ninyi wadogo zangu ambao leo mnapokea vyeti: jambo kwenu wote.

Kesho kutwa mtatawanyika. Wengine mnakwenda Bagira, wengine Kadutu na Panzi, wengine mtapanda hadi Kabare na Walungu. Masomo sitayarudia, walimu wenu wameyafundisha vizuri. Nina neno moja tu, nami nitalivuta kwa marefu, maana nimeona jinsi linavyosahaulika mtu akishaingia kazini. Anayejua anataka kurudi kwenye maisha ya namna gani ni yule aliyeketi mbele yako. Wewe umesomea njia za kumsaidia kufika. Kusema anakwenda wapi, hilo ni lake.

Kwetu hapa jambo hili lina uzito wa pekee. Hesabuni wenyewe. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliijaza Kivu yote. Mwaka 1996 vikaja vita, mwaka 1998 vikaja vingine. Juni 2004 risasi zililia ndani ya mji huu. Februari 2008 ardhi ikatetemeka na nyumba zikawaangukia watu. Februari 2025 tulijifungia tena majumbani, tukihesabu milio. Mtu wa miaka arobaini aliyezaliwa Bukavu ameyapitia yote hayo. Na kila mara, kabla hajapoteza mali, kabla hajapoteza ndugu, alinyang'anywa nafasi ya kuamua. Hakuchagua siku ya kukimbia wala mahali pa kulala. Kwa wamama wengi, na kwa wababa pia, ambao huwa hawasemi, hawakuulizwa hata juu ya miili yao. Mtu kama huyo akija kwako, nawe ukaanza kumpangia hata kwa moyo mweupe, umemwongezea bwana mwingine wa kumwamulia. Ndiyo sababu nasema kumwachia mtu uamuzi wake ni sehemu ya matibabu. Heshima imo humo, lakini heshima peke yake haisemi yote.

Tena wanaohitaji si wachache. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba, miongoni mwa watu walioishi katika vita ndani ya miaka kumi iliyotangulia, mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, kuanzia sonono na wasiwasi hadi maradhi makali kabisa. Chukueni ibada ya Jumapili yenye watu mia mbili. Arobaini kati yao wanahitaji mtu wa kuwasikiliza, na wengi wao wamevaa vizuri na wanaimba.

Nitawapa habari ya mama mmoja. Ameniruhusu kuisema, nami nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha. Alikuwa muuzaji wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alifika na karatasi ya rufaa, na pamoja nayo fomu ndefu iliyotaka kujua tukio lilitokea siku gani, walikuwa wangapi, walizungumza lugha gani. Niliigeuza fomu kifudifudi nikamwuliza, "Mama, katika maisha yako ya sasa, ungependa kitu gani kibadilike kwanza?" Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Nataka niweze tena kupita ile njia ya kushukia sokoni."

Hakusema anataka kusahau. Hakusema anataka mahakama, hilo lilikuja baadaye sana. Shida yake ya siku ile ilikuwa njia fupi ya kutoka kwake hadi soko la Kadutu. Inapita mahali ambapo akifika mwili wake unakataa: magoti yanalegea, jasho linamtoka, masikio yanaziba. Basi alikuwa akizunguka kwa juu. Akifika sokoni, wateja wa asubuhi wamekwisha kununua kwa wenzake, na sambaza zake zimeanza kulainika. Madeni yakaingia. Watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Kwenye fomu, yule mama alikuwa kesi ya ukatili. Nilipomsikiliza, alikuwa mfanyabiashara anayepoteza saa ya kwanza ya soko, ile saa inayolisha nyumba.

Tulipanga naye. Kwanza tulifanya mazoezi ya pumzi tukiwa tumekaa kwenye benchi: kuvuta hewa polepole kwa pua, kuitoa polepole zaidi, nyayo zikiwa zimekanyaga chini, huku akitaja vitu vitano anavyoviona. Kisha tukatembea pamoja hadi kwenye kibanda cha muuza makala, yaani makaa, tukarudi. Kibanda kile alikichagua yeye kwa sababu mwenye kibanda anamjua tangu utoto. Baadaye tukafika kwenye kona inayofuata. Siku moja, kabla ya ile kona, alisema, "Basi, turudi." Tukarudi. Sikumbembeleza, sikumwambia jikaze. Miezi ikapita ndipo akaniambia kwamba siku ile ndiyo iliyomfanya aniamini: alisema basi, na mtu akasimama.

Alipofika sokoni kwa njia fupi alikuwa na dada yake. Mimi nilipata habari kwa simu, na ndivyo inavyotakiwa. Lile tukio lenyewe alikuja kulisimulia siku aliyotaka yeye, bila mtu kumwuliza, na hakulisimulia lote.

Nalikazia hili kwa sababu kuna imani iliyoenea, hata miongoni mwetu, kwamba mtu hawezi kupona mpaka aeleze kila kitu. Mwaka 2007 mashirika ya kibinadamu ya kimataifa yalipotoa mwongozo wa pamoja juu ya afya ya akili katika dharura, yalikataza ule utaratibu wa kumkalisha mtu mara moja tu na kumtaka asimulie yaliyomkuta. Na hapa hapa Kivu tuna ushahidi wetu. Mwaka 2013 ulitangazwa utafiti uliofanywa vijijini kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Wale waliopata tiba ya makundi walifundishwa kuzichunguza fikra zao, zile za "nimechafuka" na "kosa ni langu", bila kulazimishwa kusimulia tukio lenyewe. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 kati yao ndio waliokuwa bado na dalili za kutosha za sonono au wasiwasi. Kwa wenzao waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, ilikuwa asilimia 42. Na waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari waliotoka ng'ambo. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii Wakongomani, watu wa elimu ya sekondari, waliofundishwa vizuri na kusimamiwa kila wiki. Vijana, hao ni ninyi. Asije mtu akawaambia kwamba kazi yenu ni ya kupoza tu wakati tunamngoja mtaalamu.

Aliyeandika kwa uwazi zaidi juu ya kumweka mtu katikati ya tiba yake ni Mmarekani, Carl Rogers, katika miaka ya 1940 na 1950, wakati alipoongoza kituo cha ushauri katika chuo kikuu cha Chicago. Aliomba mambo matatu kwa mtoa tiba: awe mkweli asiyevaa sura isiyo yake, ampokee mtu bila masharti, na ajitahidi kuyaona maisha kwa macho ya yule anayeyaishi. Wahenga wetu walilifikia hilo la tatu kwa njia yao waliposema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini Rogers alizungumza na mtu mmoja ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa. Hapa kwetu mtu anakuja na mama mkwe, na kaka mkubwa aliyelipia moto, yaani pikipiki, ya kuwaleta, na mtoto mgongoni. Kumweka mtu katikati hakuna maana ya kuwafukuza hao. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana waliotoka shule wakiwaambia wazazi, tena kwa ukali, "Tokeni, ni siri yake." Siku hiyo hiyo familia ikamtoa mgonjwa wao na haikurudi.

Fanyeni hivi. Wasalimieni wote, kwa umri wao, mzee kwanza. Waulizeni safari. Halafu mwambieni mzee mbele ya kila mtu, "Baba, kwa utaratibu wa kazi yetu nazungumza kidogo na dada peke yake, halafu tutakaa sote." Mkiwa wawili, mwulize: katika hao waliokuja, nani angependa ajue nini? Hilo ni swali ambalo mtu wa kwetu analielewa mara moja. Pengine atataka kaka ajue kila kitu na mume asijue chochote. Pengine atataka mama mkwe aambiwe jambo moja tu, kwamba ugonjwa huu haurithiwi kwa laana. Ukirudi mbele ya familia, unasema yale aliyoruhusu, basi. Hata shefu wa avenyu akikusimamisha njiani akakuuliza habari za nyumba fulani, unampa heshima zake zote, unamwuliza habari za watoto, na humwambii kitu.

Sasa dawa. Hapa ndipo wengi tunapoishiwa na subira. Kulikuwa na kijana fundi cherehani, aliyekuwa akisikia sauti zinazomtukana usiku. Alitibiwa, sauti zikapungua, akarudi kazini, halafu akaacha dawa. Daftari lake la kituo liliandikwa kwa wino mwekundu: hafuati matibabu. Nilimkuta kwenye mashine yake. Sikumwuliza juu ya dawa, nilimwomba anionyeshe anachoshona. Akachukua uzi autie kwenye tundu la sindano. Mkono ulitetemeka, uzi ukapita kando. Akaulowesha kwa mate, akajaribu tena, ukapita kando tena. Akaniangalia akasema, "Yaya, nikimeza zile vidonge niko hivi wiki nzima. Sasa nimeacha, na bado haujatulia. Nani atanipa kitambaa chake?"

Huyo hakuwa mkaidi. Alikuwa amepima mambo mawili, sauti za usiku na mkate wa mchana, akachagua. Dawa za zamani za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, ambazo ndizo tunazozipata kwa urahisi hapa, mara nyingi huleta kutetemeka na kukakamaa kwa viungo. Muuguzi na daktari wanajua, na wana la kufanya: kupunguza kipimo, au kuongeza dawa ya kutuliza mtetemeko, au kubadilisha dawa ikiwa ipo. Lakini watafanyaje kama daftari limeandika "hafuati matibabu" badala ya "hawezi kutia uzi kwenye sindano"? Tulikwenda naye kwa daktari, akalisema neno lake mwenyewe, kipimo kikapunguzwa. Sauti hazikuisha zote. Aliniambia ile inayobaki anaiweza, mradi mikono ni yake. Kama mngemwuliza daktari, pengine angetaka zinyamaze zote. Lakini maisha ni ya yule fundi.

Mtaniuliza, na mna haki: je, mtu akitaka kujiua? Je, akiwa amechukua panga hamtambui mama yake? Hapo hatumwachi peke yake kwa kisingizio kwamba ni uamuzi wake. Mwulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humwondolea upweke. Mkae naye, vitu vya hatari viondolewe, apelekwe kwa wanaoweza. Mji huu umebahatika kuwa na hospitali ya magonjwa ya akili ya SOSAME, ya Mabruda wa Upendo, kama Goma ilivyo na Tulizo Letu na Lubumbashi ilivyo na kituo cha Joseph Guislain. Lakini hata katika saa hiyo kuna mengi ya kumwuliza: nani amsindikize, avae nini, watoto wabaki na nani. Mtu anayepelekwa hospitali akiwa amechagua shati lake si sawa na mtu aliyefungwa kamba. Na dhoruba ikipita, kaa naye muandike anataka kutendewaje siku nyingine ikitokea. Kongo iliukubali mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2022 tukapata sheria yetu wenyewe ya kulinda haki hizo. Wanaoishi na ulemavu wa akili wamo ndani yake. Minyororo haimo.

Nasema hivyo nikiwaangalia wachungaji, kwa upendo. Watu wetu wengi hupita kwenye chumba cha maombi kabla hawajafika kwetu, na wengi watarudi huko baada yetu. Sitamwambia mtu aache kusali. Maombi yamewashika wengi hai katika usiku ambao hakukuwa na mwuguzi wala barabara. Ninachoomba ni hiki: asifungwe, asilazwe njaa kwa jina la mfungo wakati mwili wake umeisha, na asiambiwe kwamba kidonge ni kukosa imani. Kifafa hasa, ndugu wachungaji. Kidonge cha fenobabitali ni cha bei ndogo, na mtoto anayekimeza kila siku anaweza kurudi darasani. Wasaidizi, nendeni mkawatembelee wachungaji kabla hamjawa na mgonjwa wa kugombania.

Dokta Mukwege alipoanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, alikusudia mama wajawazito. Wakamjia wanawake waliojeruhiwa na vita, na baada ya muda ikaonekana kwamba kushona jeraha hakutoshi. Ndiyo maana Panzi inajulikana kwa nguzo zake nne chini ya paa moja: matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa sheria, na kumrudisha mtu katika maisha ya kazi na jamii. Dunia ilimpa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Mimi ninachokipenda ni kwamba nguzo hazina mlango mmoja wa lazima. Kuna anayeanza kwa wakili. Kuna anayekataa wakili na kutaka mtaji wa kuuza makala. Hata kwa ndugu zetu waliopoteza mguu, wale wanaopita kituo cha watu wenye ulemavu cha Heri Kwetu kwa mazoezi ya viungo, swali ni lile lile. Mmoja anataka mguu wa bandia apande nao shambani Kabare, kwenye matope na mteremko. Mwingine anaona magongo yanamtosha, ila anataka aingie kanisani bila kubebwa. Ukimpa kila mmoja mpango wa mwenzake, umepoteza muda na fedha. Na msidharau likelemba. Mama anayeweka franga zake na wenzake kila Jumamosi, na zamu yake ikifika akapokea, amefanya jambo ambalo hakuna kikao changu kinachoweza kulifanya.

Wakubwa, mliobaki ni ninyi, nami nitasema bila kuzunguka. Vijana hawa watasikia mambo mazito kila siku, kisha watapanda kurudi kwenye nyumba ambazo nazo zimepitia hayo hayo. Wengi wao wamefiwa. Hawawezi kumsikiliza mtu wakiwa wamejaa. Wapeni msimamizi mwenye ujuzi, kila wiki, saa iliyopangwa, wala isifutwe kwa sababu kuna wageni kutoka Kinshasa. Wapeni chumba chenye mlango. Nimeona mama akiulizwa mambo ya siri kwenye korido huku wengine wakisubiri chanjo ya watoto, naye akajibu "niko sawa", na ikaandikwa kwamba yuko sawa. Hakikisheni dawa hazikatiki katikati ya mwezi, kwa sababu anayekatiziwa dawa za akili mara tatu hatamwamini mtu wa nne. Na walipwe kwa wakati. Ada za shule hazingoji mradi ufunguliwe upya.

Kwa wafadhili, neno langu ni juu ya fomu. Tunajua mnahitaji hesabu, na tutawapa. Lakini mradi unaotaka "vikao vinane kwa kila mtu" utapata vikao vinane hata kwa aliyehitaji viwili na kwa aliyehitaji ishirini. Tumetengeneza karatasi ya mbele ya kuambatanisha na fomu zenu zozote. Ina mistari mitatu: mtu huyu anataka nini kibadilike, kwa maneno yake mwenyewe, nani anataka awe pamoja naye, na baada ya mwezi, yeye mwenyewe anaonaje. Asiyejua kuandika anaandikiwa kisha anasomewa, na kama si hivyo alivyosema, inafutwa na kuandikwa upya. Nakala ziko kwa katibu pale mlangoni. Naomba kila kituo kichukue zake kabla ya kutoka, na wale wa Walungu wachukue za kutosha, maana mashine ya kunakilisha huko haifanyi kazi.

Asanteni.